Kamba wa Harusi na Wanawake Wasioulizwa



Shaaban iliyopita nilikwenda Nyamwage kwa harusi ya mtoto wa wifi yangu. Kwa wasiopajua, ukitoka Dar unavuka Daraja la Mkapa, unaendelea na barabara ya Kilwa mpaka hapo njia panda ya Utete. Bahari huioni. Lakini wali wa harusi kule bila kamba wa delta, wageni watakula na watakusema. Mwaka huu tulikula na kuku. Mama wa bi harusi alikuwa ameagiza ndoo tatu mapema, zikaja nusu ndoo, tena vidogo vya kusikitisha.

Nilimsikia mzee mmoja barazani akisema, "Hiyo ni rizki, Mungu akitaka watarudi." Wanawake jikoni wakanyamaza. Mimi nikasema moyoni, hapana, haya nitayaandika.

Rizki inatoka kwa Allah, hilo halina ubishi. Lakini kisa cha yule bedui na ngamia wake tumefundishwa sote chuoni tungali wadogo, na hatukufundishwa ili tukae barazani. Kuna watu wanaita tawakkul kile ambacho ni uvivu wa kuuliza.

Na maswali yapo. Kamba huzaa baharini, vitoto vyake huingia kwenye mikoko, vikakulia kwenye maji ya chumvi hafifu, kisha hurudi baharini wakiwa wakubwa. Maisha yao yanategemea maji matamu na tope la mto Rufiji kufika kwa wakati wake. Sasa mto una ukuta. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022. Umeme tunautaka, megawati 2,115 si mchezo, wala sisemi bwawa livunjwe. Nasema mto ambao maji yake yanafunguliwa na kufungwa na binadamu hauwezi kuachiwa kauli ya "Mungu akitaka" peke yake. Aprili 2024 mafuriko yakasomba mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti. Juu ya hayo bahari inazidi kupata joto. Kipi katika hivi kimepunguza kamba, na kwa kiasi gani? Hilo halijulikani kwa kukaa barazani.

Kwa hiyo watafiti waje, na wakija nina ugomvi nao pia. Miaka ya nyuma alikuja mmoja nyumbani kwa wifi na fomu zake. Akamuuliza mume ana mtumbwi gani, nyavu za tundu gani, anavua siku ngapi. Mke alikuwa pale pale anamenya muhogo. Hakuulizwa hata jina. Yeye ndiye anayepokea kamba, anayechagua wakubwa na wadogo, anayewachemsha na kuwaanika, anayejua mwezi gani ndoo inajaa na mwezi gani haijai. Mume anajua safari yake ya jana tu, wallahi, ya mwaka juzi keshaisahau.

Mtaniambia wanawake hawavui kamba, wanatanda uduvi tu. Ndiyo hasa! Ukitanda uduvi kwa chandarua unazoa na vitoto vya kamba humo humo. Hapa na sisi tusijitoe, tunashiriki kuharibu. Lakini mtafiti asiyetuuliza ataandika "chandarua kipigwe marufuku", askari watakuja, na mjane mwenye watoto wanne atatozwa faini. Mtafiti anayekaa na wanawake anaweza kuambiwa ni mkono upi wa mto na miezi ipi ipumzishwe, na wanawake wenyewe wakailinda.

Hili si ndoto. Hapa kwetu Unguja, maji ya ufukweni yalipozidi joto na mwani wa cottonii ukawa unakufa, Dk. Flower Msuya na wenzake wa Taasisi ya Sayansi za Bahari walifanya kazi na wakulima wenyewe, wanawake. Wakajaribu pamoja kuupanda kwenye maji ya kina kwa nyavu za mirija. Haikumaliza shida zote, lakini hakuna aliyeambiwa akae pembeni. Na huko Maine, Marekani, wavuvi wa kambakochi hukata alama ya V kwenye mkia wa jike mwenye mayai na kumrudisha majini, na wataalamu hupanda mashua zao kupima kinachotegwa, kwani bahari yao nayo inapata joto haraka. Wale si Waislamu, na wamefunga ngamia wao.

Watu wa delta si wageni wa kujitetea. Mwisho wa miaka ya 1990 kampuni ilitaka hekta 10,000 za mabwawa ya kufugia kamba kule, wanavijiji wakaenda mahakamani, na mabwawa yale hayakuchimbwa. Meli za kukokota nyavu zilisimamishwa mwishoni mwa 2007 mavuno yaliposhuka.

Mabibi harusi, na nyinyi nawasema kidogo. Walima ni sunna, si mashindano ya picha. Muulize muuzaji kama huu ni msimu wake. Akikuletea vidogo, virudishe na ule kuku kama sisi.

Nimebakiza jambo moja. Shangazi wa bi harusi, muuza kamba wa Muhoro, ana madaftari ya madeni. Ndani yake kaandika kila ndoo aliyopokea, tarehe, na bei, tangu kabla mto haujazibwa. Yalikuwa sita. Mawili yamekwenda na mafuriko ya 2024. Manne yaliyobaki kayafunga kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati. Nimempiga picha kila ukurasa kwa simu, kwa ruhusa yake, na Jumatatu inshallah nazipeleka kwenye taasisi hiyo hiyo ya bahari. Akitaka kuja nami mmoja wenu, tukutane Darajani saa mbili asubuhi.