Udongo Ulaya na Riziki ya Fundi

Mwezi uliopita nilisimama uani kwangu na fundi, tukipigia hesabu ukuta. Mita ishirini na nane, kimo futi saba. Fundi alikwisha kuchora mchangani kwa kijiti: matofali mangapi, mchanga lori ngapi, saruji mifuko hamsini na ushei mpaka plasta. Nikamwambia, tena kwa kujitapa kidogo kama mtu aliyesoma gazeti asubuhi, kwamba siku hizi dunia inailalamikia saruji kwa hewa ukaa inayotoa, kwa hiyo nataka mifuko ipungue. Akanitazama. Akaupangusa mwiko kwa kiganja, akasema, "Sawa, mzee. Sasa ukipunguza mifuko, na mimi je, umenipunguza?"

Sikuwa na jibu. Niliguna, nikasingizia jua kali, tukaahirisha. Lakini swali lile limekaa nami, na leo najaribu kulijibu mbele yenu, ndugu wasomaji, kwa sababu fundi wangu si peke yake anayeuliza. Wengi wetu tunaohubiri mazingira hatujaulizwa hivyo kwa kuwa hatusimami karibu na karai.

Kosa la saruji lenyewe halina ubishi. Saruji huanza na mawe ya chokaa. Hutiwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 1,450 hivi, yakatoka madonge magumu yaitwayo klinka; madonge hayo husagwa pamoja na jasi kidogo, ndipo mfuko hujazwa. Watu hudhani ubaya wote umo katika makaa au gesi ya kuwashia tanuri. Umo, ila sehemu kubwa zaidi imo ndani ya jiwe. Jiwe la chokaa limeshika hewa ukaa tumboni, na likichomwa huiachia. Kila tani ya klinka huachia zaidi ya nusu tani kutoka kwenye jiwe tu, kabla moto haujahesabiwa. Ndiyo maana kiwanda kikihama kutoka mafuta mazito kwenda gesi ya Songo Songo, kama ilivyofanyika katika kiwanda cha Wazo, Dar es Salaam, kinapunguza tatizo lakini hakilimalizi. Kwa dunia nzima, saruji peke yake hubebeshwa asilimia 7 au 8 ya hewa ukaa itokanayo na shughuli za binadamu.

Atasimama mtu aseme: hayo yatuhusu nini sisi? Karibu nusu ya saruji ya dunia hutengenezwa China. Sisi bado tuna watoto wanaosomea chini ya mwembe. Kweli kabisa, na mimi sitamtaka mtu yeyote wa Sumbawanga au Newala aone haya kwa mifuko yake kumi. Sihimizi kwa kuogopa kusutwa na wageni. Nahimiza kwa sababu ya jambo ambalo kila aliyewahi kujenga analijua: saruji hulipwa taslimu dukani, fundi huambiwa asubiri. Nondo hailali na njaa. Bati halikopwi. Anayekopwa ni yule aliyeshika mwiko, na saidia fundi wake ndiye anayemaliza siku kwa ahadi na sahani ya mama lishe iliyoandikwa kwenye daftari. Basi kila mfuko unaookolewa ni fedha iliyokuwa inakwenda kiwandani na sasa inaweza kubaki mkononi mwa mtu wa hapahapa. Nasema inaweza. Haitabaki yenyewe.

Wazee wetu waliita saruji udongo ulaya, na jina hilo lina kisa. Mwaka 1977, katika kuipima hali ya nchi miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba watu wanakataa kujenga kwa matofali ya kuchoma na vigae, wanakaa kungoja bati na udongo ulaya. Aliona ni ugonjwa wa akili zetu. Nusu ya lawama ile naikubali mpaka leo. Nusu nyingine siikubali, maana tofali la kuchoma nalo lina dhambi zake: tanuri moja la kienyeji hula magogo mpaka mlima unabaki kipara. Wanaochomea pumba za mpunga katika mabonde ya mpunga wamepata akili kuliko sisi tunaoandika, kwa kuwa pumba zingechomwa bure vichakani. Lakini si kila mahali pana mpunga.

Hebu tuende Kigoma, tuone njia nyingine. Huko, kwa ushirikiano na Wabelgiji, mafundi wa vijijini walifundishwa kujenga madaraja ya mawe ya upinde, na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa 2017, umeyapeleka mikoa mingine. Ujenzi wa madaraja hayo ni darasa tosha. Mafundi husimamisha fremu ya mbao yenye umbo la nusu duara juu ya korongo. Waashi hupanga mawe kutoka pande zote mbili, kila jiwe limechongwa likae kwa mwenzake, mpaka pande zinakutana kileleni na mawe ya kufungia yanagongwa yakabana. Mchanganyiko ukishakauka, fremu hutolewa. Ndani hamna nondo hata moja. Gari likipita juu, uzito wake huzidi kuyabana mawe badala ya kuyaachanisha, kwa hiyo daraja hulindwa na mzigo uleule linaoubeba.

Hesabu sasa nani amelipwa. Katika daraja la zege la ukubwa ule, fedha nyingi husafiri: nondo kutoka mjini, saruji kutoka mjini, mtambo wa kukodi na dereva wake kutoka mjini. Katika daraja la mawe, fedha hukaa kwa wachimba mawe, wabebaji, wachongaji, waashi, seremala wa fremu, na mama anayewapikia. Saruji haikutoweka, inatumika kuunganishia. Imepungua sana, na chuma kimekwisha. TARURA wenyewe husema gharama ni ndogo kwa mbali kuliko ya zege. Sidai kila mto utavukwa hivi. Mto mpana wenye kingo za matope unataka kitu kingine, na anayelazimisha upinde pale atatuua. Lakini vijito vinavyokata barabara za wakulima kila masika ni vingi kuliko mito mikubwa.

Hapo ndipo nilipoanza kupata jibu la fundi wangu. Njia za ujenzi zenye hewa ukaa kidogo nyingi zake zina mikono mingi. Tofali la udongo la kufungamana, ambalo wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba pale Mwenge ulilitangaza kwa miaka, ni hivyohivyo. Mashine ya mkono hukandamiza udongo mwekundu uliochekechwa, sehemu kumi na zaidi za udongo kwa moja ya saruji kutegemea udongo wenyewe. Halichomwi. Hufunikwa na kumwagiliwa wiki nzima, basi. Yuko anayechekecha, anayechanganya, anayevuta mkono wa mashine, anayepanga kivulini. Lakini kuna jambo wauzaji wa mashine hawalisemi: matofali yale yakishakauka hupangwa upesi, karibu bila mchanganyiko, wala hayataki plasta. Siku za wafyatuaji zinaongezeka, siku za mwashi zinapungua. Fundi wangu alikuwa sahihi kuuliza. Ukimlipa mwashi kwa idadi ya siku tu, teknolojia hii inamnyonya. Ukimlipa kwa ujuzi wa kupima udongo, kusimamia ufyatuaji na kunyoosha ukuta, amepanda cheo.

Nisikilizwe vizuri hapa, maana najua wapo watakaosoma nusu wakakimbilia kiwanjani. Kupunguza saruji kwa elimu na kuiba saruji ni vitu viwili. Wafyatuaji wa bloku wa kando ya barabara wanaotoa matofali hamsini kwa mfuko mmoja hawajaokoa mazingira; wamekuuzia mchanga uliosimama kwa aibu. Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka, watu 36 wakafa. Hakuna hewa ukaa inayookolewa na jengo linaloanguka: mali yote imechomwa bure, na itachomwa tena kujenga upya. Saruji iwekwe panapoihitaji, katika nguzo, mkanda na msingi, na iondolewe tunapoimwaga kwa mazoea. Soma mfuko wako. Pale palipoandikwa CEM kuna namba ya Kirumi. Ya kwanza karibu yote ni klinka. Ya pili na ya nne zimechanganywa na vitu vingine kama majivu ya volkano au mawe ya chokaa yaliyosagwa tu bila kuchomwa. Mtu anayenunua ile kali yenye nguvu ya 42.5 kwa plasta ya choo, wakati 32.5 inatosha, anachoma fedha na hewa pamoja. Mafundi wengi wanalijua hili. Wanaobisha ni sisi wenye nyumba, tunaodhani kali ndiyo bora.

Viwanda navyo vina la kufanya, na si lazima vifungwe. Uko mchanganyiko ambao nusu yake tu ni klinka. Nyingine ni udongo wa kaolini uliochomwa kwa joto la nyuzi mia nane hivi, na mawe ya chokaa mabichi. Hewa ukaa hupungua kwa hadi asilimia 40. Kaolini tunayo Pugu, mwendo mfupi kutoka Wazo. Mapango ya popo ya huko ni mabaki ya uchimbaji wake. (Sisemi tukaufyeke msitu wa Pugu kwa ajili ya mazingira. Huo ungekuwa mzaha.) Muhimu kwa mada yetu ni kwamba tanuri, kinu, upakiaji na malori hubaki palepale, na mfanyakazi wa kiwandani anajifunza udongo mpya bila kupoteza kitambulisho chake.

Wapo watakaopoteza, na ni dhuluma kuwaficha. Mama anayeponda kokoto Kunduchi kwa nyundo, mtoto mgongoni, vumbi puani, ataathirika zege likipungua. Wachoma matofali nao. Sitetei nyundo ile. Sijaona heshima katika kazi inayokula mapafu ya mtu kwa ndoo. Lakini kumwambia aache bila kumwonyesha pa kwenda ni kumhamishia gharama ya hewa tuliyoichafua wengine. Mama huyo analijua jiwe kuliko mhandisi wa mwaka wa kwanza. Anajua lipi lina ufa kwa kuligonga tu. Yeye ndiye wa kwanza kuitwa kwenye mawe ya daraja na kwenye misingi ya mawe, alipwe kwa kuchagua na kuchonga, apewe miwani na barakoa. Mchoma matofali ndiye wa kwanza kukabidhiwa mashine ya kukandamiza. Udongo amekwisha kuushika maisha yake yote.

Nani wa kuyaamuru haya? Tusimsubiri kila mwenye ua wa mita ishirini na nane. Mjenzi mkubwa wa nchi hii ni serikali. Mwaka 2021, kwa fedha za UVIKO-19, madarasa 15,000 yalijengwa kwa miezi michache, shilingi milioni 20 kila moja, kwa mtindo wa Force Akaunti, mafundi wa palepale chini ya kamati za palepale. Ilikuwa kazi ya kusifiwa. Lakini yale niliyopita kuyaona yalikuwa bloku na saruji tupu, hata mahali ambapo mwamba mzuri ulikuwa umelala nyuma ya choo cha walimu. Aliyeandika mchanganuo wa vifaa ndiye aliyeamua, kabla fundi hajaitwa. Basi waheshimiwa madiwani, na ninyi wahandisi wa halmashauri: ramani zenu ziruhusu jiwe na tofali la udongo panapofaa, na mchanganuo utenge fungu la ujira lisiloguswa vifaa vikipanda bei. Mkataba uandikwe, hata ukurasa mmoja, hata kwa kibarua wa wiki mbili, na mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulipwe kabla jiwe halijamwangukia mtu mguuni. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wanao utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa fundi aliyejifunzia kazini. Upimaji wa udongo na upangaji wa upinde viingizwe humo, fundi atoke na cheti kinachomdai mwajiri ujira mkubwa. Na chama cha wafanyakazi wa migodi na ujenzi kitoke ofisini kiwafuate watu wa karai, ambao wengi hawajawahi kukiona.

Fundi wangu alirudi Jumapili. Nilimpa jibu, refu kama hili, akalisikiliza mpaka chai ikapoa. Kisha akachota udongo wa nyuma ya banda la kuku, akautia kwenye chupa ya maji, akaitikisa na kuiacha dirishani itulie. Mchanga ulikaa chini, mfinyanzi juu yake, tukapima kwa rula ya mjukuu wangu. Unafaa, alisema, ila uongezwe mchanga kidogo. Mashine ya kukodi inapatikana Jumatatu, na vijana wanne. Tumeandikiana karatasi: nusu ya ujira kabla, nusu ukuta ukifika linta, na mifuko michache kuliko ile ya mwanzo, ya msingi na nguzo na kuchanganyia udongo. Fedha ya iliyobaki ameniambia nisiipeleke dukani.