Nafasi Tupu Nazo Zifundishwe

Ni maoni yetu kwamba mwalimu wa Musoma, Bunda au Butiama asiahirishe somo la kompyuta kwa kukosa mashine. Na achukue makasha manane ya viberiti, kila moja likiwa baiti 1. Katika lugha ya C, herufi hukaa kasha la kwanza. Namba ya baiti 4 kwa kawaida huanzia la tano, ili mashine iisome kwa wepesi. Matatu ya kati hubaki matupu.

Agizo la kufungasha likiandikwa katika faili la kichwa, kompaila hutumia makasha matano tu. Lakini lisipofungwa, mfano wa mabano, huibana pia miundo inayofuata, na sehemu mbili za programu moja zikasomana vibaya.

Mtoto aliyepanga makasha kwa mikono yake atalielewa hilo. Aliyekariri hatatambua kuwa nafasi tupu nayo ina kazi.