KUICHOMA BAHARI SI KUISAFISHA

 

Ndugu Waislamu, wapo miongoni mwetu wasemao kwamba mafuta yakimwagika baharini dawa yake ni moto, nayo hutoweka. Wengine huongeza: sisi watu wa Ngara na bahari wapi na wapi? Maneno yote mawili ni ya mghafala.

Mwaka 2010 mtambo wa Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Mexico, wakafa wafanyakazi 11. Mafuta yaliyotanda majini yakachomwa mara 411, yakateketea mapipa baina ya 220,000 na 310,000. Wanasayansi walioupima moshi ule kwa ndege walikadiria kuwa kama asilimia 4 ya uzito wa mafuta yaliyoungua iligeuka masizi, tena laini ya kupenya hadi ndani ya mapafu. Hayakutoweka, yalihama maji yakaingia hewani. Mama zetu hapa Mbuba, wapikao kwa kuni, hawana haja ya kufundishwa moshi ni kitu gani.

Watetezi wa moto wana hoja, wala tusiwadhulumu. Mafuta yakifika ufukweni huua mikoko na mazalia ya samaki, na fiqhi inaruhusu kubeba dhara jepesi ili kuepa lililo zito. Naam. Lakini fiqhi hiyo hiyo inakataza kuondoa dhara kwa dhara lililo mfano wake, na wepesi wa moshi hutegemea umbali na upepo. Kule Ghuba ya Mexico walichoma mbali na pwani. Je, Chongoleani, ubavuni mwa mji wa Tanga? Huko ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, ambazo 1,147 ziko katika ardhi ya Tanzania, nalo linapita Biharamulo kwa jirani zetu. Na kusi na kaskazi, pepo zote mbili, aghalabu huvuma kutoka baharini kuja bara!

Juu ya fidia ya mashamba tumezungumza sana. Juu ya pumzi tumenyamaza. Nani ataamuru moto uwashwe? Kwa upepo upi? Wanakijiji watajulishwa vipi, na watahamishiwa wapi? Maimamu wa Tanga wayaulize haya, na sisi wa Kagera, ambao bomba limepita kwetu, tuulize pamoja nao. Majibu tuyapate kwa maandishi, tena kwa Kiswahili, kabla ya ajali.