Mlinzi Kijana, na Mali Bila Daftari



Mpira ukichezwa katika uwanja wa Kinoru, au kule Embu mjini, usiwatazame wachezaji peke yao. Watazame na watu waliokuja kuangalia. Fowadi akitia goli, watu huruka na kukumbatiana hata na wasiojuana. Lakini beki aliyeuondoa mpira mlangoni wakati kipa amekwisha anguka, huyo hapigiwi makofi ila na wachache wenye kujua. Kisha beki huyo huyo akikosea mara moja tu katika dakika 90, jina lake hutajwa sokoni hata siku ya soko ijayo. Ndiyo kazi ya mlinzi: kosa lake huonekana upesi, na wema wake hauonekani.

Kwa sababu hiyo wazazi wengi hudhani kwamba kijana achezaye nyuma hawezi kupata riziki kwa mpira. Wengine, kinyume chake, wakisikia kwamba kuna Mkenya anayelipwa Ulaya kwa kazi hiyo, hutaka mtoto wao afike huko mwaka huu huu, hata kwa kuuza ng'ombe. Fikira zote mbili zina hatari. Yafaa basi wiki hii tufuate hatua za mlinzi mmoja wa Kenya tangu mwanzo wa kazi yake, tuone alipita wapi, na njia hiyo yatufundisha nini sisi tulio upande huu wa Mlima Kenya.

Mlinzi huyo ni Joseph Okumu. Alizaliwa Kisumu tarehe 26 Mei 1997. Klabu iliyomfanya ajulikane katika ligi kuu ya Kenya ni Chemelil Sugar, timu ya kiwanda cha sukari katika nchi ya miwa. Haikuwa timu ya mji mkubwa, wala haikuwa na mashabiki wengi kama Gor Mahia au AFC Leopards. Mwaka 2016, akiwa bado hajatimiza miaka 20, alikwenda Afrika Kusini kuchezea Free State Stars, klabu ya mji wa Bethlehem.

Mtu akisoma habari hiyo katika gazeti angesema, "Kijana amefaulu." Lakini huko Afrika Kusini Okumu hakupata nafasi nyingi za kucheza. Kwa mchezaji kijana hakuna jambo zito kuliko hilo. Hufanya mazoezi kila siku pamoja na wenzake. Siku ya mchezo huvaa nguo za timu, akakaa kando. Nyumbani watu huuliza, "Mbona hatusikii habari zako?" Naye hana la kuwajibu.

Mwaka 2018 alivuka bahari akaenda Marekani, lakini hakwenda katika klabu kubwa. Alianzia AFC Ann Arbor, klabu ndogo ya jimbo la Michigan, iliyo mbali sana na ligi kuu ya nchi ile. Kutoka hapo, mwaka huo huo, alichukuliwa na Real Monarchs, timu ya pili ya Real Salt Lake, iliyokuwa ikicheza katika ligi ya daraja la pili. Tazama basi: kijana ametoka ligi kuu ya kwao, akaenda ligi kuu ya nchi nyingine akakaa kando, akashuka hata klabu ndogo, ndipo akaanza kupanda tena ngazi moja moja.

Mwaka 2019 Harambee Stars walikwenda Misri kwa mashindano ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Kabla ya mashindano kuanza, Brian Mandela, mlinzi aliyetegemewa sana, aliumia goti walipokuwa kambini Ufaransa, akashindwa kucheza. Ilibidi walinzi wengine wajaze pengo hilo, na Okumu, mwenye miaka 22, alikuwa mmoja wao. Kundi lenyewe lilikuwa gumu. Kenya ilifungwa na Algeria magoli 2 kwa 0, ikawashinda jirani zetu wa Tanzania 3 kwa 2, kisha ikafungwa na Senegal 3 kwa 0. Wala si aibu kubwa, maana Algeria na Senegal ndizo zilizokutana katika fainali, na Algeria ikachukua kombe. Lakini kwa mlinzi kijana, kupambana na mafowadi wa namna ile ni sawa na mtihani unaosimamiwa na wakaguzi wa Afrika nzima.

Mwaka huo huo wa 2019 alichukuliwa na IF Elfsborg ya Uswidi. Mwaka 2020 klabu hiyo ilimaliza ya pili katika ligi kuu ya nchi ile. Mwaka 2021 akaenda Gent ya Ubelgiji, na mwezi wa Aprili 2022 Gent walitwaa Kombe la Ubelgiji kwa kuwashinda Anderlecht kwa penalti. Mwaka 2023 akaingia Reims, klabu iliyokuwa wakati ule katika ligi kuu ya Ufaransa.

Hesabu miaka. Toka alipoondoka Kenya mwaka 2016 hata kufika ligi kuu ya Ufaransa ni miaka saba. Ukianza na Chemelil, klabu zake ni saba, katika nchi sita. Mkulima wa kahawa hahitaji kuelezwa jambo hili kwa maneno mengi. Wazee wa Meru na Embu walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa Kenya kuruhusiwa kupanda kahawa, katika miaka ya 1930. Na hata leo, apandaye mbuni hungoja kama miaka mitatu kabla ya kuchuma mavuno ya kwanza. Katika miaka hiyo hupalilia, hutia mbolea, hukata matawi, na mkononi hana kitu. Mwenye haraka akiung'oa mti mwaka wa pili kwa kuwa haujazaa, kosa si la mti.

Mlinzi hasa huhitaji muda mrefu kuliko wengine. Fowadi aweza kufaulu kwa mbio na ujasiri wa ujana. Lakini mlinzi hana budi kujua mahali pa kusimama kabla ya hatari kuja. Kujua wakati wa kumwendea adui na wakati wa kungoja. Kuwaita wenzake na kuwapanga mstari. Na kuutoa mpira kwa utulivu badala ya kuupiga ovyo. Hayo hayaji kwa nguvu za mwili. Huja kwa kucheza michezo mingi, na kwa kuonywa na mwalimu mwenye subira.

Wala kurudi nyumbani si kushindwa. Kenneth Muguna, ambaye jina lake watu wa Meru hawahitaji kutafsiriwa, si beki bali ni kiungo, lakini safari yake yafaa kukumbukwa hapa. Alichaguliwa mchezaji bora wa ligi kuu ya Kenya wa mwaka 2016 alipokuwa Western Stima. Mwaka 2017 alikwenda KF Tirana ya Albania, hakukaa sana, na mwaka 2018 alikuwa Gor Mahia akiendelea na kazi yake kwa heshima. Kama jamaa zake wangalimcheka kwa kurudi, wangalicheka bila sababu.

Sasa natuje kwenye jambo linalowagusa wazazi. Mahali penye subira ndogo hapakosi mdanganyifu. Mtu huja kijijini na gari na simu nzuri, akasema, "Mwanao ana kipaji. Nipe fedha za pasipoti na tikiti, nami nitampeleka Ulaya." Mzazi huuza ng'ombe au hukodisha sehemu ya shamba, na baadaye simu haiiti tena. Au kijana hufikishwa kweli katika mji wa kigeni, akaachwa huko bila klabu, bila nauli, bila mtu wa kumpokea.

Kila mzazi na ajue mambo matatu. La kwanza, kanuni za FIFA hukataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa toka nchi moja kwenda klabu ya nchi nyingine, ila kwa sababu chache zilizotajwa katika kanuni zenyewe. Anayesema atampeleka mtoto wa miaka 15 katika klabu ya Ulaya hana budi kuonyesha sababu hiyo kwa maandishi. La pili, tangu tarehe 1 Oktoba 2023, wakala wa wachezaji hana budi kuwa na leseni ya FIFA, nayo hupatikana kwa kufanya mtihani. Mwombeni leseni kabla hamjamwandalia chai. La tatu, wakala hawezi kufanya mapatano na mtoto bila ridhaa ya maandishi ya mzazi au mlezi wake. Kwa hiyo, Baba au Mama, sahihi yako ni kufuli. Usiitie katika karatasi usiyoisoma. Kama lugha ya karatasi ni ngumu, mpelekee mwalimu au karani unayemwamini, akusomee neno kwa neno.

Na wakati mtoto angali chini ya miaka 18, na akae shuleni. Goti la mlinzi laweza kuumia siku moja, kama lilivyoumia la Mandela kambini. Lakini elimu haiumii goti.

Liko jambo jingine, nalo hasa ndilo lililonifanya nishike kalamu wiki hii. Klabu zetu ndogo za vijijini, toka Maua na Nkubu hata Runyenjes na Siakago, huwalea vijana kwa miaka mingi, kisha kijana akichukuliwa na klabu kubwa, waliomlea hawapati hata mpira mmoja. Wengi hudhani kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Sivyo.

Kanuni za FIFA zasema hivi: mchezaji akinunuliwa na klabu ya nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fedha hizo hugawanywa kwa klabu zilizomlea tangu umri wa miaka 12 hata 23. Tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme mlinzi amenunuliwa kwa shilingi 100,000,000. Asilimia 5 ni shilingi 5,000,000. Kwa kila mwaka wa umri wa 12 hata 15, klabu iliyomlea yastahili shilingi 250,000. Na kwa kila mwaka wa umri wa 16 hata 23, shilingi 500,000. Basi kama klabu ya kijiji ilikuwa naye tangu miaka 12 mpaka mwisho wa miaka 17, yastahili shilingi 1,000,000 kwa miaka minne ya kwanza, na shilingi 1,000,000 nyingine kwa miaka miwili iliyofuata. Jumla ni shilingi 2,000,000. Na akinunuliwa tena kwa namna hiyo, hesabu hufanywa upya. Fedha hizo ni za klabu, si za mzazi wala za mwalimu mmoja. Zaweza kununua nyavu, viatu na mipira kwa watoto wengi.

Tangu mwezi wa Novemba 2022 FIFA ina ofisi ya malipo mjini Paris, inayopitisha fedha za namna hii. Lakini ofisi hiyo haiwezi kumlipa mtu isiyemjua. Hutegemea kumbukumbu za usajili: kijana fulani, aliyezaliwa tarehe fulani, alisajiliwa katika klabu fulani toka mwaka fulani hata mwaka fulani. Timu ambayo haikujiandikisha katika chama cha mpira cha nchi, au ambayo haikuwasajili vijana wake, haihesabiwi, hata kama kijiji kizima chajua kwamba ndiyo iliyomfundisha kuvaa viatu vya mpira.

Hapa ndipo nataka tuone haya kidogo. Mkulima akipeleka kahawa kiwandani, hawezi kuondoka kabla haijapimwa kwa mizani na kilo zake kuandikwa. Karani akikosea kilo mbili, huitwa mbele ya mkutano. Lakini kijana tuliyemlea miaka sita tunamtoa mikononi mwetu bila stakabadhi! Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Basi makarani wasomao gazeti hili, kazi hii ni yenu. Hamhitaji kujua kupiga mpira. Chama chenu cha mpira kikikutana, ombeni kazi ya uandishi. Sajilini klabu kwa njia iliyo halali. Andikeni jina kamili la kila kijana, tarehe yake ya kuzaliwa kama ilivyo katika cheti, siku aliyoingia na siku aliyotoka. Wala msimpunguzie kijana umri ili acheze na wadogo. Uwongo huo humfuata, na siku ya hesabu huwaharibia yeye na klabu yake.

Viwanja tunavyo. Kinoru palifanyika sherehe za Madaraka mwaka 2018, na Embu mwaka 2023, na taifa zima likavitazama. Vijana tunao pia, wenye vifua vya kupanda mlima. Yaliyobaki ni mawili: subira ya kumngoja mlinzi akomae, na kalamu ya kuandika kwamba tulimngoja. Kijana akichelewa kuzaa matunda, msimng'oe. Na akizaa, daftari na lishuhudie ni shamba la nani lililomkuza.