Fumanizi la Makaburini Halimtoshi Mjane

Anayefuatilia filamu na tamthilia zetu za kifamilia anaijua picha hii kabla haijafika. Turubai limefungwa uani, wanawake wamekaa kwenye mikeka, wanaume wako nje wanapanga saa ya kwenda makaburini. Mjane yuko ndani, kajitanda kanga, macho yamemvimba. Mara bodaboda inasimama, anashuka mwanamke asiyejulikana na mtoto mkononi, naye anaangua kilio kuwazidi wafiwa wote. Kamera inamsogelea mtoto: marehemu mtupu. Minong'ono inazagaa, mjane anazimia, na lililokuwa shaka kwa miezi linakuwa ukweli ndani ya dakika mbili. Picha hii inapendwa, lakini kwa maoni yangu ni njia ya mkato inayoinyima hadithi utamu na kumnyima mjane haki. Hadithi ya nyumbani ina mambo machache mazito kuliko shaka la mfiwa juu ya uaminifu wa mwenzake ambaye hawezi tena kuulizwa. Sisi tunalichukua shaka hilo na kuligeuza fumanizi, kana kwamba marehemu yuko hai na mlango umevunjwa saa nane za usiku.

Fumanizi ni mtindo wa walio hai. Aliyefumaniwa anaweza kukana, kuomba radhi, kukimbia na nguo mkononi, au kukiri mbele ya wazee. Hata Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 imejengwa juu ya dhana hiyo, maana inampa mwanandoa haki ya kumshtaki aliyezini na mwenzake na kudai fidia ya ugoni. Kunakuwa na anayelalamika, anayelalamikiwa na wa kuamua. Kifo kinauvunja mpangilio huo wote. Maiti haulizwi sanda, wala haulizwi usiku ule alilala wapi. Mjane anabaki na simu ya marehemu yenye namba iliyohifadhiwa kwa jina la fundi ambaye hakuwahi kufika nyumbani kutengeneza chochote, na ujumbe wa pesa zilizotumwa kila mwisho wa mwezi. Anabaki na stakabadhi, na shemeji wanaonyamaza kila akiingia. Kwa vipande hivyo inabidi apime ndoa ya miaka mingi bila kuwa na wa kumjibu. Hapo ndipo hadithi ilipo, na hapo ndipo waandishi wetu wengi wanapomwita mwanamke wa bodaboda aje kuwaokoa.

Tuichukue picha hiyo tuipeleke Kasekese, kata ya wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa. Huko ni kwa wakulima na wafugaji, na kwa miaka mingi familia za Kisukuma zimeteremka na ng'ombe wao hadi pande hizo kutafuta malisho na ardhi, zikakaa jirani na wenyeji. Mitala si siri wala si aibu, na sheria inaitambua. Mtu kuwa na miji miwili hakumzimishi mtu. Kinachoweza kumzimisha mjane wa mazingira hayo ni mji wa tatu ambao haukutajwa, na hata huo haumuumizi kwa wivu peke yake. Shaka lake huenda lilianza kwenye hesabu: tumbaku iliuzwa, mkopo wa pembejeo ulikatwa na chama cha ushirika (AMCOS), pesa iliyobaki ilikuwa nzuri, mbona nyumba haikuezekwa? Ng'ombe wanne waliosemwa wameuzwa kwa ajili ya matibabu, waliuzwa mnada gani? Mke anayeuliza maswali hayo mume akiwa hai huambiwa ana wivu. Akiyauliza mume akiwa kaburini huambiwa hana adabu. Kumbe kwa kiasi kikubwa anachouliza ni mali, na mali hiyo aliitafuta naye kwa jembe.

Waandishi wanaochukulia shaka la mjane kuwa ugomvi wa mapenzi tu wanasahau kuwa sheria zetu zenyewe zimelifunga kwenye mirathi. Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, linaloongoza makabila mengi yanayofuata ukoo wa baba, linasema mjane hana fungu katika mirathi ikiwa mumewe ameacha ndugu wa ukoo wake. Mjane atatunzwa na watoto wake. Wajane wawili kutoka Shinyanga walizipinga kanuni hizo mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba zinabagua, lakini ikakataa kuzifuta. Rufaa yao ikakwama mwaka 2010 kwa sababu za kiufundi. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ikaamua kuwa Tanzania ilikiuka haki zao. Upande wa pili, kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawatambua kama mke na mume, itachukuliwa wameoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo yule mwanamke wa bodaboda anaweza kuwa mchepuko, na anaweza kuwa mtu mwenye madai halali mbele ya Mahakama ya Mwanzo. Mjane anayejua hayo ana kila sababu ya kutaka kujua ukweli kabla kikao cha ukoo hakijampendekeza msimamizi wa mirathi. Kumwonyesha anapiga kelele na kuvuta wigi la mwenzake ni kumfuta akili.

Fasihi ya Afrika ina mfano bora wa jinsi jambo hili linavyoweza kuandikwa, nao ni riwaya ya Mariama Bâ wa Senegali ya mwaka 1979, tuliyonayo kwa Kiswahili kama Barua Ndefu Kama Hii. Ramatoulaye yuko edani, miezi minne na siku kumi, anamwandikia rafiki yake Aissatou. Mumewe, Modou, amekufa kwa ugonjwa wa moyo baada ya kuoa binti aliyekuwa rafiki wa mtoto wao. Ndoa ile ya pili aliijua alipoletewa habari, na machungu yake ameyazoea kiasi. Kinachomwamsha upya ni mirathi. Mali ya marehemu inapofunguliwa ili igawanywe kama dini inavyotaka, siri zake zinafunguka pamoja nayo: madeni yaliyochukuliwa ili kumjengea maisha mke mdogo, na nyumba ya kwanza, aliyoichangia Ramatoulaye kwa mshahara wake, iliyowekwa rehani kwa ajili hiyo. Bâ hahitaji kumleta mtu makaburini. Karatasi zinatosha, maana kila karatasi inamwambia mjane mume alikuwa anawaza nini siku alizokuwa amekaa naye meza moja. Na shemeji anapokuja baada ya arobaini kutaka kumrithi, Ramatoulaye ameshafanya hesabu zake zote, ndiyo maana jibu lake lina uzito.

Ukilinganisha na hapo, riwaya yetu imekuwa ikimpa marehemu nafasi kuliko mjane. Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1974, ni miongoni mwa riwaya bora za Kiswahili, na kuitaja hapa si kuishusha. Kazimoto anatusimulia mwenyewe. Mtoto anayempata na mkewe Sabina anazaliwa na kichwa kikubwa kama mtoto wa mhusika mwenzake Manase, na Kazimoto anatambua kuwa mzizi wa msiba huo uko kwenye mahusiano yake ya nyuma. Anajiua. Sisi wasomaji tunaijua siri yote, kwa sababu mwenye siri alikuwa anatusimulia tangu ukurasa wa kwanza. Sabina anabaki mjane na mama aliyefiwa, na maswali yake hatuyapati. Alishuku tangu lini? Alimlaumu nani? Ungeandikwa upande wake, ungekuwa riwaya nyingine kabisa. Tangu wakati huo magonjwa ya zinaa, na zaidi Ukimwi ulioripotiwa kwa mara ya kwanza nchini mwaka 1983 mkoani Kagera, yamewaacha wajane na wagane wengi wakijiuliza maswali ya Sabina. Ajabu ni kwamba fasihi yetu ya Ukimwi imejaa maonyo kwa walio hai kuliko mawazo ya waliobaki.

Nimetaja wagane kwa makusudi, maana shaka si la wanawake pekee. Katika hadithi zetu mwanamume anayemshuku mkewe marehemu hupewa heshima ya aliyedhulumiwa, na adhabu huwashukia watoto: huyu hafanani nami, yule simjui. Mwanamke mwenye shaka lile lile huitwa mkorofi. Riwaya ya The Descendants ya Kaui Hart Hemmings, ya mwaka 2007, iliyofanywa filamu mwaka 2011, inaonyesha njia nyingine. Mke yuko hospitalini huko Hawaii, hana fahamu baada ya ajali ya boti, na mume anaambiwa na binti yake kuwa mama alikuwa na mtu. Hawezi kumwuliza. Anamtafuta mtu huyo, huku mwenyewe akiwa msimamizi wa ardhi kubwa ya ukoo ambayo ndugu wanataka iuzwe, na anagundua kuwa hawara huyo naye angefaidika na mauzo hayo. Hata huko, mbali kabisa na Katavi, shaka la kitandani na swali la ardhi vimefungwa kamba moja. Mwandishi amelijua hilo, ndiyo maana fikra za mume huyo zina nafasi ya kukua badala ya kubaki hasira.

Mtayarishaji wa filamu atanijibu kuwa mtazamaji hatafuti darasa la mirathi. Amelipa kiingilio cha kibanda umiza, au amenunua bando, anataka kusisimka, na fumanizi linamsisimua. Jibu langu ni kwamba fumanizi husisimua mara moja tu, kisha hadithi haina pa kwenda ila matusi. Shaka lisilo na wa kulijibu husisimua hadi mwisho, kwa kuwa kila kitu ndani ya nyumba kinakuwa ushahidi. Mtazamaji atajiuliza pamoja na mjane kama ile safari ya Mpanda mjini ilikuwa ya kufuata dawa za mazao kweli. Mwongozaji Kieślowski alilithibitisha hili mwaka 1993 katika filamu yake Blue. Julie, aliyempoteza mume na mtoto ajalini, anagundua kuwa marehemu alikuwa na mwanamke mwingine, na mwanamke huyo ana mimba yake. Anamtafuta, wanazungumza kwa maneno machache, na mwishowe anamwachia nyumba ya familia kwa ajili ya mtoto. Si lazima mjane wetu awe mkarimu hivyo, wala wengi hawana nyumba ya kugawa. Lakini tazama uamuzi wa filamu ile umekaa wapi: kwenye nyumba, si kwenye kofi.

Wapo watakaosema marehemu hasemwi, na kwamba kuandika mashaka ya wajane ni kufukua makaburi. Desturi hiyo ina hekima yake, kwani msibani watu wana uchungu na neno moja linaweza kuvunja ukoo. Ila tuangalie inamlinda nani matanga yakishaondoka. Marehemu hawezi kuumia tena. Anayelindwa mara nyingi ni ndugu aliyejua kila kitu na sasa anataka orodha ya mali ipite bila maswali. Hadithi ya kubuni ndiyo mahali pekee ambapo tunaweza kuyasema hayo bila kumtaja mtu wala kumfedhehesha. Tukiinyima hadithi ruhusa hiyo, maneno yatabaki kisimani na kwenye foleni ya mashine ya kusaga, na huko hayana adabu wala utafiti. Aidha, hadithi inayolichukua shaka kwa uzito ina uwezo wa kuonyesha kuwa marehemu alisingiziwa. Namba ya fundi inaweza kuwa ya fundi kweli, na pesa za kila mwezi zikawa ada ya mtoto wa dada yake aliyeona haya kulitangaza jambo hilo. Fumanizi la makaburini haliwezi kamwe kumsafisha mtu.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba mambo haya hutokea. Wanawake wenye watoto hujitokeza misibani, na mwandishi hakubuni chochote. Ni kweli. Kosa la picha ile ni kuishia pale inapotakiwa kuanza. Huyo aliyeshuka kwenye bodaboda naye amefiwa, na huenda naye alikuwa na mashaka yake juu ya nyumba kubwa aliyoambiwa imeshavunjika. Mtoto aliyembeba si kielelezo cha kosa; ana haki ya kutunzwa kutokana na mali ya mzazi wake, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima. Wanawake hao wawili wakiachwa wakae chini bila mashemeji, wakalinganisha tarehe na risiti, kila mmoja atakuwa na nusu ya mtu aliyeitwa mume wao. Bila shaka hawatapendana. Lakini watakuwa wanajua wanachodai, na watajua ni nani kati ya wanaume waliokaa nje wakipanga mazishi alikuwa mpeleka pesa.

Mlango uko wazi kwa wanaotaka kuandika hivyo. Tamthilia ndefu za televisheni kama Huba na Jua Kali zimewazoesha watazamaji kufuata familia moja kwa miezi, muda ambao filamu ya saa moja na nusu haikuwa nao. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa mwaka 2023, inawapa waandishi wa riwaya sababu ya kujaribu makubwa. Ushauri wangu kwa anayeandika muswada sasa ni mwepesi kuusema na mgumu kuutekeleza: fukia maiti katika ukurasa wa kwanza, usimlete mwanamke wa bodaboda akumalizie hadithi, kisha mwache mjane akae na sanduku la karatasi na shaka lake mpaka afikie uamuzi kuhusu shamba, watoto na jina lake. Asipojua hadi mwisho kama alisalitiwa, haidhuru. Ilimradi msomaji ajue alichopigania na aliyetaka asikipate.