Usiache Mbachao: Mmea Unaofaa Chumba Chenye Giza

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Msemo huu hunijia kila nionapo maua ya plastiki yaliyojaa vumbi juu ya meza za ofisi. Ukiuliza mbona, utajibiwa, "Aah, humu hamna mwanga, mmea utakufa tu. Na maji je?" Mimi napinga! Mimea ya kufaa vyumba hivyo ipo, tena mingine ni ya kwetu.

Kwanza tuelewane. Hakuna mmea uishio katika giza totoro. Somo la biolojia limetufunza kwamba jani hutengeneza chakula chake kwa mwanga. Giza ninalolisema ni lile la vyumba vingi vya hapa Kithyoko: madirisha madogo ya kuzuia joto, paa la mabati lililotokeza nje, na jua la utosini lisiloingia ndani. Kipimo chake ni rahisi. Saa sita mchana, zima taa, uketi pale unapotaka kuweka mmea. Ukiweza kusoma gazeti bila kukunja uso, mmea wa kivuli utaishi. Ukishindwa, hapo tundika picha!

Sasa tuchague upi? Mimi naanza na mkonge wa porini, ambao wataalamu waliuita Sansevieria na siku hizi wanauweka katika kundi la Dracaena. Usiuchanganye na mkonge wa mashambani, ule ulitoka Mexico na kuletwa Tanga mwaka wa 1893. Huu wa porini ni Mwafrika halisi. Nyuzi zake zimesokotwa kamba na upote wa upinde tangu zama za mababu. Huota chini ya vichaka, kwa hiyo kivuli haukiogopi. Tena vinyweleo vyake hufunguka usiku na kufunga mchana, ndiyo maana hauna kiu ya ovyo.

Wa pili ni Zamioculcas zamiifolia, mzaliwa wa pwani yetu na Unguja. Una majani yanayong'aa kama yaliyopakwa mafuta, na chini ya udongo una viazi vya kuwekea akiba ya maji. Tangu miaka ya 1990 wakulima wa Uholanzi wamekuwa wakiuzalisha na kuuuza duniani kote. Sisi je? Tunaupita tu!

Lile ua zuri la Usambara, Saintpaulia, ambalo mbegu zake zilipelekwa Ujerumani mwaka wa 1892, mimi silipendekezi hapa. Ni jirani yetu, kwani jamaa yake mmoja anaishi msitu wa Mbololo kule Taita, lakini linataka unyevu na mwanga zaidi. Kupenda kitu si sababu ya kukitesa.

Najua mtu atauliza, "Maji ya kunywa tunayabeba kwa mitungi, mtayamwaga kwenye maua?" Swali hilo ni la haki. Jibu ni kwamba ndani ya nyumba, mimea hii huuawa na maji mengi kuliko kiu. Tia kidole kwenye udongo. Ukiwa mbichi, acha. Ukikauka kabisa, tia kikombe kimoja, na hata maji uliyooshea mboga yanatosha. Mara nyingi itapita wiki mbili tatu kabla ya kutia tena. Toboa mkebe chini, la sivyo mizizi itaoza. Panda mikebe miwili, mmoja ukae ndani na mwingine barazani penye kivuli, kisha uibadilishane kila baada ya majuma mawili.

Tahadhari mbili. Majani ya mimea hii si ya kutafunwa, hivyo iwekwe mbali na watoto na mbuzi. Pili, tusiing'oe porini. Kipande cha jani la mkonge wa porini kikichomekwa kwenye mchanga mkavukavu hutoa mizizi, ingawa huchukua wiki kadhaa. Omba jani kwa jirani, uache mama yake mahali pake.

Pendekezo langu basi ni hili: kila darasa lipande mikebe miwili, tuanze na maktaba na chumba cha walimu. Sidai kwamba mikebe hiyo itasafisha hewa kama wengine wanavyotangaza, kwani kwa kazi hiyo dirisha lililo wazi linaushinda mmea. Ninachotaka ni kwamba mwanafunzi wa hapa aujue mmea wa kwao kwa jina na kwa tabia, kabla hajauona dukani umefungwa utepe na kubandikwa bei. Asiyekijua kitu hakilindi, na vichaka vyetu vinafyekwa kila mwaka.

Walimu wetu wapendwa, mikebe tutatafuta wenyewe. Tunaomba ruhusa tu.