TAHARIRI: Usiuze ndururu za shosho kwa kilo

Ukienda ushago Kuresoi wikendi hii, iwe Keringet, Olenguruone au Sirikwa, muulize kogo au shosho kama bado ana ndururu. Huenda ziko kwenye mkebe wa majani chai chini ya kitanda, zimetungwa kwa uzi kupitia lile tundu la katikati. Na huenda kuna kijana nyumbani ambaye ashazitupia jicho akawaza jambo moja tu: jamaa wa skrepu analipa ngapi kwa kilo?

Tunakusihi, usiziuze hivyo. Si eti utaamka milionea. Zile video za mitandaoni za "sarafu moja, milioni mbili" nyingi ni mtego, hasa ukiambiwa utume ada kwanza. Sababu yetu ni nyingine: kila moja ina habari yake, na ikiyeyushwa, habari hiyo imeenda.

Chukua senti kumi ya shaba ya Afrika Mashariki, iliyotumika kabla Kenya ianze kutoa pesa zake 1966. Washa tochi ya simu, iinamishe pembeni, usome mwaka. Ukiona 1936 na jina EDWARDVS VIII, tulia. Mfalme huyo wa Uingereza aliachia kiti Desemba mwaka huohuo, kabla ya kutawazwa. Kwao Uingereza sarafu zake hazikuwahi kuingia sokoni. Huku kwetu ziliingia. Katikati ni tundu, hakuna sura ya kuchora. Jina lake lilitosha.

Sasa tafuta herufi ndogo. H ni kiwanda cha Heaton, Birmingham. KN ni King's Norton, mji uohuo. Ikikosa herufi, ilipigwa London. Mwaka mmoja, senti kumi ileile, aina tatu.

Tafuta pia ufa. Sarafu hupigwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu. Muhuri wa chifu ukimeguka ukingoni, kila barua itabeba alama hiyo, sivyo? Hata hapa, muhuri ukipasuka, kila sarafu inayofuata hutoka na kijistari kilichoinuka. Ufa ukiongezeka, kijistari hurefuka. Ukizipanga sarafu za muhuri mmoja, utajua ipi ilitangulia. Marekani watu wamezeeka wakichambua hivyo senti zao za shaba za 1793 hadi 1814, na William Sheldon akazitolea kitabu mwaka 1949. Zetu zinasubiri nani?

Swali hilo ni zito zaidi Kuresoi. Mwaka 1992, 1997, kisha 2007 na 2008, nyumba zilichomwa huko, za watu wa jamii mbalimbali. Vyeti, picha na hatimiliki viligeuka majivu. Kwa boma lililopitia hayo, uzi wa ndururu unaweza kuwa kitu pekee cha zamani chenye tarehe juu yake. Halafu sisi tuupeleke kwenye mizani ya skrepu tupate pesa ya bando?

Kwa hivyo fanya hivi. Omba ruhusa kwanza, kwa sababu ni mali yake, si yako. Piga picha pande zote mbili. Usizisugue kwa jivu, mchanga wala ndimu; ukizing'arisha umefuta zile alama ndogo unazozitafuta. Weka kila moja kwenye bahasha yake ya karatasi, uandike mwaka, herufi, ufa kama upo, na jina la aliyekuwa nayo. Kisha muulize shosho alizipata wapi na zilinunua nini.

Jibu hilo halijaandikwa kwenye sarafu yoyote. Liandike wewe, angali yupo wa kulitoa.